Mbwa Anayekaa Bure na Mbwa Anayeogopa: Kushughulisha Akili ya Mbwa wa Fleti Toronto

Mada ya semina ya watembezaji na watunzaji wa mbwa wanaozungumza Kiswahili, Toronto



Nimeombwa nizungumzie namna ya kuishughulisha akili ya mbwa aliyechoshwa na kukaa bure, au aliyejaa wasiwasi. Karibu wote tuliomo humu tunaishi kwa kazi hii. Wengine mnatembeza mbwa mchana wakati wenyewe wako ofisini, wengine mnalala nao wenyewe wakisafiri, wengine mnawaosha na kuwanyoa. Kwa hiyo sitapoteza muda kueleza mbwa ni mnyama gani. Nitakwenda moja kwa moja kwenye jambo ambalo naona linakosewa sana mjini hapa.

Mbwa aliyechoshwa na mbwa anayeogopa hufanya uharibifu unaofanana. Wote wawili hutafuna kochi, hubweka mpaka jirani alalamike kwa msimamizi wa jengo, hukwaruza mlango mpaka rangi ikatoka. Lakini wa kwanza anataka kazi, na wa pili anataka usalama. Ukimpa wa pili kile kinachomfaa wa kwanza, hofu yake inabaki palepale, na mwenyewe anaamini kwamba ameshajaribu kila kitu. Mbwa wengi hurudishwa kwenye vituo vya kuhifadhi wanyama kwa njia hiyo.

Mbwa aliyenyang'anywa shughuli

Tuanze na kule tulikotoka. Mbwa wa kwetu, hata yule tunayemwita koko, ana shughuli kutwa. Anazunguka mtaa, ananusa jalala, anajua saa ambayo bucha linafunguliwa, anafuatana na wachungaji, usiku analinda boma. Huko Unguja, wasasi wanaowinda nguruwe mwitu waharibifu wa mashamba huingia porini na mbwa, na mbwa huyo anaporudi jioni ametumia pua, masikio, miguu na akili yake yote. Sisemi kwamba maisha yake ni mema. Wengi hawapati chanjo, wanapigwa mawe, wanakufa wadogo. Lakini tatizo la kukosa la kufanya hawalijui.

Sasa mtazame mbwa wa ghorofa ya ishirini pale CityPlace au Liberty Village. Ana chanjo zote, kitanda laini, na daktari wake. Asubuhi anashushwa kwa lifti, anazungushwa jengo kwa dakika chache akiwa kwenye kamba ambayo sheria ya jiji inataka isizidi mita 2, anarudishwa juu. Saa nane au tisa zinazofuata yuko peke yake. Mwezi Desemba jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, hivyo tembezi la pili nalo linafanywa gizani na kwa haraka. Januari barabara zinamwagwa chumvi inayochoma nyayo, baridi inakuwa kali, na dakika chache zinapunguzwa tena. Humo ndani ya fleti mara nyingi yumo mbwa wa jamii ya border collie, ambaye mababu zake walichaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa uwezo wao wa kukusanya kondoo, au beagle, aliyezalishwa kwa ajili ya kufuata harufu ya sungura kwa kilomita nyingi. Uwezo ule haukutoweka alipopanda lifti. Utatafuta pa kutokea, na utapata kwenye mto wa kochi.

Sheria ya jimbo letu inalijua jambo hili. Sheria ya Ontario ya ustawi wa wanyama, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2020, inapoeleza maana ya mnyama aliye katika dhiki inataja waziwazi mateso ya kisaikolojia yaliyopita kiasi, sambamba na yale ya mwili. Mbwa aliyeshiba na asiye na jeraha anaweza bado kuwa katika dhiki. Naomba tulishike hilo, maana wateja wetu wengi wanapima huduma kwa bakuli na kwa kilomita tu.

Kilichoonekana McGill

Baadhi ya ushahidi mzito kuhusu madhara ya maisha matupu ulipatikana hapahapa Kanada. Mwaka 1947 Donald Hebb, mwanasaikolojia mzaliwa wa Nova Scotia, alieleza jinsi panya aliowafuga nyumbani kwake, wakizurura ndani kama wanyama wa familia, walivyowashinda panya wa vizimba vya maabara katika kutatua mafumbo ya njia zinazopoteza. Miaka michache baadaye, katika Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, wenzake William Thompson na Ronald Melzack walifanya kazi na mbwa wa jamii ya Scottish terrier. Baadhi yao walilelewa katika vizimba walimofichwa wasione dunia ya nje, na ndugu zao wakalelewa katika hali ya kawaida, wengine majumbani kwa watu.

Walipotolewa, wale wa vizimbani walikuwa na afya ya mwili. Akili ndiyo iliyoharibika. Walizunguka huku na huko bila mpango na walishindwa mafumbo mepesi ambayo ndugu zao waliyatatua. La kuhuzunisha zaidi ni lile ambalo Melzack na mtafiti mwenzake T. H. Scott waliliandika mwaka 1957: mbwa hao walisogeza pua kwenye moto wa kiberiti, wakaungua, kisha wakarudi tena kuunusa, kana kwamba hawakujua maumivu yanatoka wapi.

Naona majaribio yale yalikuwa ya kikatili, na singependa yarudiwe. Lakini kwa kuwa yalifanyika, tuna wajibu wa kuheshimu walichokilipia wanyama wale. Akili ya mbwa haijitoshelezi. Inajengwa na inatunzwa na mambo inayokutana nayo: harufu, sauti, vikwazo, watu, kushindwa na kufaulu. Mbwa wa fleti hajafungwa kwenye kizimba cha McGill, lakini ukiondoa vitu hivyo kimojakimoja kwa ajili ya usafi na utulivu wa jengo, unamsogeza upande uleule.

Kamera kabla ya kitu kingine chochote

Mteja akikuambia mbwa wake anaharibu nyumba, usimshauri kununua chochote. Mwombe aache simu ya zamani au kamera ndogo ikimrekodi mbwa kwa nusu saa baada ya mlango kufungwa. Nusu saa inatosha, kwa sababu hofu ya kuachwa haichelewi. Kwa kawaida huanza ndani ya dakika chache za mwanzo, na wakati mwingine huanza hata kabla, mwenyewe anapochukua funguo.

Mbwa mwenye hofu utamwona akihema ingawa hakuna joto, akidondosha mate, akipiga miayo na kulamba midomo, akitembea kutoka mlangoni hadi dirishani bila kukoma. Uharibifu wake huwa zaidi mahali pa kutokea: fremu ya mlango, kizingiti, pazia. Anaweza kujikojolea ingawa amefundishwa. Na jambo linalonisaidia kuliko mengine yote ni hili: anaacha chakula. Umemwekea kipande cha nyama anachokipenda, mwenyewe ametoka, na kipande kimelala hapohapo mpaka mlango utakapofunguliwa tena. Mwili ulio katika hatari hauna haja ya kula.

Aliyechoshwa ni tofauti. Kwanza analala. Baada ya saa moja au mbili anaamka, anajinyoosha, anatafuta la kufanya. Anachukua kiatu, anakiacha, anahamia kwenye rimoti, anatazama njiwa wa baraza, anabweka kidogo, anachimba kitanda chake. Ukimwekea chakula cha kutafuta, anakitafuta mpaka kiishe. Huyu ndiye anayefaidika mara moja na shughuli nitakazozieleza.

Wapo walio na yote mawili, na wapo ambao shida yao ni maumivu. Mbwa mzee aliyekuwa mtulivu na ghafla ameanza kuhangaika usiku, au mbwa yeyote aliyebadilika bila sababu inayoonekana, apelekwe kwa daktari wa mifugo kabla ya jambo lolote.

Kazi ya pua

Kama mtakumbuka kitu kimoja cha vitendo kutoka katika mada hii, kiwe pua. Sisi binadamu tumezoea kumchosha mbwa kwa miguu: mpira unarushwa, mbwa anakimbia, unarushwa tena. Mbwa anayerushiwa mpira kila siku kwa saa nzima anajenga misuli na pumzi, na kesho anahitaji saa na nusu. Anarudi nyumbani amechoka mwili huku kichwa bado kimepandwa na mori. Kunusa ni kazi ya namna nyingine kabisa. Mbwa anapunguza mwendo, anainamisha kichwa, anakusanya habari, anapima, anaamua. Pua yake imejengwa ili sehemu ya hewa anayoivuta iende kwenye chumba cha harufu badala ya kushuka mapafuni, na anapotoa pumzi hewa inapitia mipasuko ya pembeni, hivyo haiisukumi harufu aliyoifuata. Sehemu kubwa ya ubongo wake inangoja kazi hiyo.

Charlotte Duranton na Alexandra Horowitz walichapisha mwaka 2019 utafiti ambao kila mtembezaji anapaswa kuujua. Waligawa mbwa wa majumbani katika makundi mawili. Kundi moja lilifanya mazoezi ya kutafuta chakula kwa pua kwa wiki mbili, na jingine lilifanya mazoezi ya kutembea ubavuni mwa mwenyewe kwa muda huohuo, nalo likapewa zawadi za chakula. Kabla na baada, kila mbwa aliwekewa bakuli mahali pa mashaka, ambapo hakuweza kujua kama lina kitu au ni tupu. Wale wa kunusa, baada ya mazoezi, walikwenda kwenye bakuli kwa haraka zaidi kuliko mwanzo. Wale wengine hawakubadilika. Watafiti walilichukua hilo kuwa ishara ya matumaini zaidi. Mazoezi yalimpa mbwa nafasi ya kuamua mwenyewe na ya kutumia kipaji chake, na hali yake ya moyo ikabadilika.

Ukitaka kuona kazi hiyo katika kiwango chake cha juu, iko kwetu. Tangu 2014 shirika la African Wildlife Foundation limekuwa likifundisha mbwa na askari wa wanyamapori kwenye kituo chao karibu na Arusha, kisha mbwa hao wanapelekwa kwenye bandari na viwanja vya ndege vya Afrika Mashariki kunusa pembe za ndovu na za faru zilizofichwa ndani ya mizigo. Mbwa wale hawalazimishwi. Wanatafuta kwa sababu wameipenda kazi, na mwisho wake kuna mchezo na mwalimu wao. Kijana wa Nairobi au wa Arusha aliyeko humu ukumbini ana haki ya kujua kwamba elimu hii wataalamu wake wako pia nyumbani.

Nyumbani kwa mteja huhitaji vifaa. Chukua mlo wa asubuhi wa chakula kikavu, umwage juu ya taulo kuukuu, ulikunje na kulizungusha, mpe mbwa. Mwanzo liwe limelegea ili afaulu haraka. Akishazoea, lifunge fundo. Au weka maboksi matupu ya vifurushi sakafuni, chakula kiwe ndani ya mawili tu, mengine yawe na karatasi. Au mfungie chooni kwa dakika moja, ficha punje ishirini sebuleni, nyuma ya miguu ya meza, chini ya ukingo wa zulia, juu ya kigoda, kisha mfungulie na useme neno lilelile kila siku. Katika siku chache neno hilo litamfanya ainamishe pua. Siku za baridi kali kazi hii ni mkombozi. Robo saa ya kutafuta ndani humtuliza mbwa kuliko robo saa ya kuvutwa juu ya theluji yenye chumvi.

Nje, mpe angalau tembezi moja la pua. Yeye ndiye achague upande, wewe ufuate, na mti mmoja ukichukua dakika tatu, uchukue. Hapa Toronto kuna mahali pazuri sana pa kufanya hivi: njia za bonde la Don na la Humber, High Park, ufukwe wa Cherry Beach, na Rouge upande wa Scarborough. Kamba ndefu ya mita kumi itumike tu ndani ya maeneo ambayo jiji limeyatenga kwa mbwa kuachiwa. Kwingineko sheria ya mita 2 inabaki, na mita 2 zinatosha kama mkono wako unafuata badala ya kuvuta. Tumia mikanda ya kifuani, shingo iwe huru kuinama.

Chakula cha kufanyia kazi

Kuhusu vifaa vya mafumbo nitasema kwa ufupi, maana maduka yameshasema mengi. Mwaka 1963 mtafiti Glen Jensen alionyesha kwamba panya wengi waliendelea kubonyeza kitufe ili wapate chakula ingawa bakuli la bure lilikuwa pembeni. Tangu hapo watu wamedai kwamba kila mnyama hupendelea chakula alichokitolea jasho. Kwa mbwa, utafiti uliochapishwa 2024 nchini Marekani haukuona hivyo: mbwa wa majumbani walikuwa tayari kukifanyia kazi chakula, lakini hawakukipendelea kuliko cha bure. Kwa hiyo mjue mbwa wenu. Fumbo likimshinda mpaka akaanza kulibwekea au kuling'ata kwa hasira, ni gumu mno. Lirahisishe, afaulu, ndipo upandishe.

Mpira mnene wenye uwazi ndani, uliojazwa wali na kuku, kisha ukagandishwa kwenye friza, unaweza kumshughulisha mbwa kwa muda mrefu kuliko kifaa cha dola themanini. Punguza chakula hicho kwenye mlo wake, la sivyo atanenepa. Na chunga unachoweka. Zabibu, vitunguu na chokoleti ni sumu kwa mbwa. Siagi ya karanga isomwe lebo kwanza, kwa sababu baadhi imetiwa utamu wa zailitoli (xylitol), ambao kiasi kidogo tu huweza kumuua.

Pale hofu inapotawala

Sasa nirudi kwa yule wa pili. Msimu wa hofu Toronto unajulikana. Fataki za Victoria Day mwezi Mei na za Canada Day tarehe 1 Julai zinasikika mbali kutoka Ashbridges Bay, na vijana wanalipua zao mitaani. Radi za kiangazi zinafuata. Wikendi ya Labour Day ndege za kivita za maonyesho zinapasua anga juu ya ziwa, na majengo ya Lake Shore yanatetemeka. Kisha Septemba watu wanarudi kazini na shuleni, na mbwa aliyezoea nyumba iliyojaa anabaki peke yake kwa ghafla.

Mbwa aliye katikati ya hofu hawezi kujifunza, na fumbo halimsaidii. Funga madirisha, shusha mapazia, washa redio au feni, mwache ajifiche anapotaka, hata kama ni ndani ya beseni la kuogea. Akija kwako, mguse na uzungumze naye. Yale maneno kwamba ukimbembeleza unamfundisha kuogopa si ya kweli, maana hofu si tabia anayoifanya ili alipwe. Kumwadhibu ndiko kunakomharibu. Mbwa aliyefokewa baada ya kukojoa kwa woga ameongezewa kitu cha pili cha kuogopa.

Mafunzo yanafanywa siku ya amani. Kwa anayeogopa mlio, sauti iliyorekodiwa ichezwe kwa chini sana huku anatafuta chakula kwa pua, na iongezwe kidogokidogo kwa wiki nyingi. Kwa anayeogopa kuachwa, mwenyewe atoke kwa sekunde chache tu, arudi kabla mbwa hajaanza kuhangaika, na aongeze muda pole pole. Hapa ndipo kazi ya pua inapoingia kwa mbwa mwenye hofu: inamjengea ujasiri siku za utulivu, lakini haifuniki hofu siku ya dhoruba. Zipo pia dawa, fluoksetini na klomipramini, ambazo madaktari wa mifugo huwaandikia mbwa wenye hofu ya kuachwa. Huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na zinaendana na mafunzo. Wateja wengi wanaona haya kuzitumia. Waambieni hakuna aibu.

Neno kwa wenzangu Waislamu, kwa kuwa nimeulizwa mara nyingi. Wengi wetu kutoka pwani tumelelewa katika madhehebu ya Shafi, tunajua hukumu ya mate ya mbwa na kuosha mara saba, moja kwa udongo. Hilo halizuii huruma. Kurani yenyewe inamtaja mnyama wa kuwinda aliyefunzwa katika sura ya Al-Maida, na mbwa wa watu wa pangoni katika Al-Kahf. Shughuli nilizozieleza hazihitaji kulambwa: chakula kinamwagwa, kinafichwa, kinafungwa ndani ya taulo. Vaeni glavu, wekeni nguo za kazi kando, na fanyeni kazi yenu kwa heshima yake kamili.

Ombi langu la mwisho linahusu kipato chetu, na najua ni zito. Mwenye kibali cha jiji cha biashara ya kutembeza anaruhusiwa kuchukua mpaka mbwa 6 kwa wakati mmoja, na sita ndio wanaolipa kodi ya nyumba. Lakini mtu mwenye kamba sita mkononi hawezi kumpa hata mmoja wao nafasi ya kunusa, na mbwa mwenye hofu ndani ya kundi hilo anateseka kwa saa nzima. Tuwaeleze wateja tofauti hii kwa maandishi. Tutoze tembezi la peke yake kwa bei yake ya haki, na katika taarifa ya kila siku tuandike mbwa alinusa nini na alitatua nini, si kilomita tu. Na pale mtakapoona kwenye video kwamba mbwa anahema na ameacha nyama yake mlangoni, msikubali kumtia kwenye kundi kwa sababu tu mwenyewe ameshalipa.